Dalali Huyu Anamfanyia Kazi Nani?

Kama una mpango wa kununua nyumba au ploti huku kwetu pwani ya kusini, mwite na mwenzako wa nyumbani asogee karibu na redio, maana haya ni mambo ya kusikilizwa na watu wawili.

Twende pamoja hadi Mwabungo. Ukitoka Ukunda, ukashika barabara ya kwenda Lunga Lunga na kuiacha Diani nyuma, unaingia sehemu za Kinondo, na huko ndiko iliko Mwabungo. Kuna minazi na miembe, njia za mchanga zinazoteremka kuelekea baharini, na nyumba za makuti zinazopakana na majumba ya kuta ndefu. Kwenye ukuta mmoja utasoma "Ploti inauzwa" na nambari ya simu. Kwenye ukuta wa pili, kwa rangi nyekundu, utasoma "Ploti hii haiuzwi." Jiulize: mtu asiyeuza chake ana haja gani ya kutangaza kwamba hauzi? Jibu unalijua. Kuna wanaouza visivyo vyao, na mwenye ploti ameamua kujikinga kwa kopo la rangi.

Kati ya kuta hizo mbili ndipo anaposimama dalali.

Dalali ndiye anayepokea simu ya mstaafu wa Nairobi anayetaka kumalizia umri wake karibu na bahari. Ndiye anayemtumia picha kijana aliye Muscat, anayeweka akiba ajengee wazazi. Ndiye anayemzungusha Mjerumani kwa tuktuk kutoka Galu hadi Msambweni. Na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mtu akaweza kutoka Miritini hadi upande wa Kwale bila kungoja feri ya Likoni, ardhi ya kusini imesogea karibu zaidi na mnunuzi wa bara. Kwa hivyo swali la leo ni hili: dalali ana wajibu gani kwa mtu anayenunua?

Wajibu ni mwingi, lakini leo tushike mitatu tu. Wa kwanza, dalali aseme anamfanyia kazi nani. Wa pili, aseme anachokijua kuhusu mali anayoiuza, kizuri na kibaya. Wa tatu, asiishike pesa isiyo yake. Narudia: aseme anamfanyia kazi nani, aseme anachokijua, na asiishike pesa isiyo yake.

Kabla hatujaanza, kuna jambo la kisheria. Kazi ya uwakala wa nyumba na ardhi nchini Kenya ina sheria yake, Sura ya 533 ya sheria za nchi, iliyopitishwa mwaka 1984. Sheria hiyo iliunda bodi ya kuwasajili mawakala, na kufanya kazi hii kwa malipo bila kusajiliwa ni kosa. Wangapi kati ya wanaotuonyesha nyumba wana cheti cha bodi hiyo? Kijana aliyekaa kwenye bodaboda njia panda, simu tatu mkononi, mara nyingi hana. Pengine yeye ni mjumbe tu wa dalali mwingine, naye huyo ni mjumbe wa mwingine, hata ukifika kwa mwenye nyumba umepita mikono minne, na kila mkono unangoja chake. Kumwuliza mtu, "Ndugu, umesajiliwa na bodi? Naomba nione cheti chako cha mwaka huu," si utovu wa adabu. Aliyesajiliwa hatakasirika. Aliyesajiliwa akikosea, una mahali pa kumshtaki. Asiyesajiliwa, utabaki kumpigia simu iliyozimwa.

Sasa wajibu wa kwanza. Dalali anamfanyia kazi nani?

Mara nyingi huku kwetu, dalali ametumwa na muuzaji. Muuzaji ndiye atakayemlipa komisheni, na komisheni inahesabiwa kwa asilimia ya bei. Bei ikipanda, chake kinapanda. Basi anapokuambia, "Mama, chukua sasa hivi, kuna Mwitaliano anakuja kesho asubuhi na pesa taslimu," elewa kwamba hayo ni maneno ya upande wa pili wa meza. Si lazima awe mwongo. Lakini si mtu wako.

Hapo hakuna dhambi yoyote. Dhambi inaingia anapokuficha. Dalali anaweza kumtumikia muuzaji, anaweza kumtumikia mnunuzi, na wote wawili wakijua na kukubali, anaweza hata kuwasaidia wote. Asichoweza kufanya kwa haki ni kula pande mbili kimyakimya: achukue komisheni kwa mwenye nyumba, kisha akugeukie wewe na kukudai "shukrani" kana kwamba alikuwa wako tangu mwanzo.

Halafu kuna ile inayoitwa cha juu. Nani asiyeijua? Mzee wa Mwabungo anasema anataka milioni mbili kwa ploti yake. Dalali anakuambia wewe milioni mbili na nusu. Laki tano zinapotelea katikati, mzee hajui, nawe hujui. Sheria ya uwakala inaliangalia jambo hili kwa jicho kali: wakala hana ruhusa ya kujipatia faida ya siri kutokana na kazi aliyotumwa, na aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo irudi. Dawa yake kwa mnunuzi ni rahisi. Kaa na mwenye mali ana kwa ana, umsikie akiitaja bei kwa kinywa chake. Dalali anayefanya kila hila usikutane na mwenye mali kabla hujatoa pesa, huyo amekujibu swali bila kujua.

Wala tusidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, nchi yenye mawakala wa nyumba zaidi ya milioni, swali hili hili la nani analipwa na nani lilifika mahakamani. Chama chao kikubwa cha taifa kilikubali mapatano, na tangu Agosti 2024 wakala wa mnunuzi anatakiwa atiliane saini na mteja wake kabla ya kumzungusha kwenye nyumba, na karatasi hiyo iseme wazi malipo ni kiasi gani. Basi ukimwomba dalali wa Ukunda aandike ukurasa mmoja unaosema ametumwa na nani na atalipwa ngapi na nani, hujaomba makubwa.

Tuende kwenye wajibu wa pili, na hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo penye mambo. Dalali aseme anachokijua.

Mambo haya yana mizizi kwetu. Ukikaa darasani na sheikh akifundisha mlango wa biashara, utasikia kwamba aibu ya bidhaa hubainishwa, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana hiari ya kurudisha. Sheria za Kenya nazo, kwa njia yake, zinakataa uongo unaomfanya mtu aingie mkataba ambao asingeuingia. Lakini aibu za nyumba na ploti ni zipi?

Anza na hati. Hati nyingi za upande huu utakuta zimeandikwa Kwale, kisha Galu Kinondo, kisha nambari. Dalali anakupa kopi, unaiona ina muhuri, unafurahi. Tulia kwanza. Kopi si sachi. Sachi inafanywa kwenye afisi ya ardhi, ili ujue leo hii jina lililo kwenye daftari ni la nani, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lililowekwa juu ya ardhi hiyo. Na siku hizi hata sachi safi haitoshi.

Kwa nini haitoshi? Sikiliza kisa cha Nyali, Mombasa. Kampuni ya Dina Management ilinunua ploti karibu na ufuo. Ilikuwa na hati. Ukiifuata hati hiyo nyuma, unakuta ardhi iligawiwa kwanza mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha ikapita kwa kampuni nyingine, kisha ikafika kwa Dina. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta ili ifungue njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ikaenda mahakamani na kushindwa, ikakata rufaa na kushindwa, ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ardhi ile ilikuwa mahali pa wazi pa umma, kwamba mgao wa kwanza haukufuata sheria, na kwamba aliyepewa kinyume cha sheria hakuwa na haki ya kumpa mwingine. Mnunuzi hakuweza kujitetea kwa kusema alinunua kwa nia njema. Alipaswa kuchimba hadi kwenye shina la hati.

Umenielewa, msikilizaji? Hati ipo, jina lipo, pesa zililipwa, na ploti ikaenda. Mwaka huo huo mahakama hiyo ikaamua pia, katika kesi ya kampuni ya Torino, kwamba barua ya mgao si hati ya kumiliki. Dalali anayekuuzia "barua ya kaunti, hati inakuja," anakuuzia karatasi.

Kwa hivyo muulize dalali: hati hii ilianzia wapi? Ni ardhi ya skimu, ya familia, au iligawiwa na serikali? Je, kuna njia ya wavuvi iliyozibwa na ukuta huu? Kumbuka Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Anayekuambia ploti yako inaishia "kwenye maji" anakuuzia na kisichouzwa. Na ukinunua karibu na msitu, uliza mpaka wa kaya, yaani msitu mtakatifu. Kaya Kinondo ni mojawapo ya makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Huko hakuingiwi na panga wala na bikoni, yaani jiwe la mpaka.

Na mgeni je, asiye raia? Dalali mkweli atamwambia mapema kwamba Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu kumiliki kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Tena kwa ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka ufuoni, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka kibali cha waziri kwanza. Mgeni anayeambiwa "usijali, tutaweka jina la mpishi wako" anafungiwa matatizo kwenye mfuko mzuri.

Sasa toka kwenye karatasi, uingie kwenye ploti yenyewe. Kuna watu ndani? Kuna kibanda, kaburi, shamba la mihogo? Sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12, aende mahakamani kuidai iwe yake. Na hata kabla ya sheria, kuna watu. Wazee wetu wanalikumbuka shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930. Mwenyewe alikuwa na hati, na maelfu ya watu walikuwa juu ya ardhi, hadi serikali ikalinunua na kuwapa wakaazi hati mwaka 2016. Mwenye nguvu za serikali alilimaliza hivyo. Wewe mwenye akiba ya SACCO utalimaliza vipi?

Tazama na juu pia. Ule mnazi ni wa nani? Kwetu pwani si ajabu ardhi ikawa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine, iliyopandwa na babu yake au iliyowekwa rehani zamani, na kila nazi zikikomaa mkwezi anakuja na kamba yake kama kawaida. Hati haisemi neno juu ya mnazi. Dalali wa Mwabungo anajua. Alizaliwa hapo, anamjua mkwezi kwa jina. Akikaa kimya hadi siku unapokata mnazi kujenga ukuta na watu wa ukoo kukujia kwa hasira, ukimya ule ulikuwa ni uongo.

Vilevile anajua kama mzee aliyeandikwa kwenye hati alikwisha kufa, na watoto wanauza kabla mirathi haijaamuliwa. Anajua kama mke mkubwa hakuulizwa, na kwa nyumba ya ndoa sheria ya mwaka 2013 inataka idhini ya mwenzi. Anajua kama ni shamba la kilimo linalohitaji kupita kwenye bodi ya ardhi, na bila ridhaa ya bodi hiyo sheria inauhesabu mkataba kuwa batili. Anajua kama maji ya kisima yana chumvi kiasi cha kula mabomba, na kama njia unayopitia ni ya umma au ni hisani ya jirani anayeweza kuifunga kesho.

Anachokijua, aseme. Asichokijua, aseme hakijui, wala asibuni.

Haya, wajibu wa tatu: pesa.

Arbuni inatoka mfukoni mwako kwenda wapi? Kwa desturi ya mawakili wa Kenya ni asilimia 10 ya bei, na salama yake ni kwenye akaunti ya wakili, ishikiliwe hadi mambo yatimie. Haiendi kwa Mpesa ya dalali. Haiendi kwa "binamu wa mwenye ploti." Wakala wa kweli akipokea pesa ya mteja huiweka mbali na yake, anaandika risiti, na anaweza kukuonyesha wakati wowote iko wapi. Tena sheria ya kupambana na pesa chafu, ya mwaka 2009, imewaweka mawakala wa nyumba kwenye orodha ya wanaotakiwa kumjua mteja wao na kuripoti malipo yenye shaka. Akikuuliza kitambulisho na pesa zimetoka wapi, usimkasirikie.

Na mkataba? Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe kwa maandishi, uwe na saini za pande zote na shahidi. Dalali hana ruhusa kisheria ya kuuandika kwa malipo, hiyo ni kazi ya wakili. Ile karatasi ya daftari iliyoandikwa chini ya mwembe, yenye saini ya mzee wa mtaa na muhuri wa chifu, ni ushahidi kwamba mlikutana. Haihamishi ardhi.

Kuna hila moja hapa inayowanasa hata wasomi. Dalali anakunong'oneza: "Kwenye mkataba tuandike bei ya chini, tupunguze ushuru." Ushuru wa stempu, unaolipwa na mnunuzi, ni asilimia 4 mijini na 2 mashambani, basi mtu anaona ameokoa. Tuseme umelipa milioni sita, karatasi inasema tatu. Siku mauzo yakivunjika na ukadai pesa zako, utadai ngapi? Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Kwale itasoma kilichoandikwa. Na dalali aliyekupa shauri hilo hatakuja kutoa ushahidi kwamba mlidanganya pamoja.

Tumesema mengi juu ya dalali, sasa tumtendee haki. Dalali mzuri ana thamani yake. Afisi ya ardhi itakupa jina la mwenye hati. Haitakuambia ndugu wawili wamegombana, wala kwamba upande ule wa njia hufurika mvua za masika. Hayo yanajulikana na mtu wa hapo. Mtu huyo ametumia mafuta, simu na siku nzima juani kwa ajili yako, na wapo wanunuzi wanaozungushwa Mwabungo yote, kisha usiku wanarudi kwa mwenye ploti kwa siri ili wamkwepe kijana wa watu. Hiyo nayo ni dhuluma. Kama mlikubaliana malipo, mlipe, na mkubaliane mapema, kwa maandishi.

Lakini dalali si wakili, wala si mpimaji. Sachi mfanyishe wakili wako, si wakili aliyeletwa na dalali. Bikoni mfuatishe mpimaji mwenye leseni, akiwa na ramani ya afisi ya ardhi mkononi, nawe ukiwa unatembea nyuma yake. Na wewe uliye Muscat au Berlin, usitosheke na video. Mtume mtu unayemwamini, asiyelipwa na yeyote katika mauzo hayo, azungumze na majirani wa pande zote nne.

Muda unatukimbia, basi turudie kwa ufupi. Utakapoonyeshwa nyumba, kabla ya kusifu upepo wa bahari, muulize dalali mambo matatu. Umetumwa na nani, na unalipwa na nani? Unajua nini kuhusu hati, watu, miti, maji na njia ya mahali hapa? Na pesa zangu zitakaa kwenye akaunti ya nani hadi jina libadilishwe? Andika majibu yake mbele yake, na tarehe. Akikataa kuyatia saini, una muda wa kutosha kutazama nyumba nyingine.

Kipindi kijacho, inshallah, tutazungumza juu ya mpimaji: namna ya kuisoma ramani ya ploti, na la kufanya bikoni ikikutwa imehamishwa.